USMLE kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki: kinachofaulisha, kinachoangusha, na namna ya kujipanga

Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaojiandaa kwa USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, huulizana kwanza: "Ulisoma miezi mingapi?" Swali hilo halikusaidii sana. Wapo waliopiga msuli mwaka mzima wakaanguka, na wapo waliojifungia wiki kumi wakapita. Ukiwachunguza, tofauti yao kubwa huwa ni jinsi walivyoyatumia maswali ya mazoezi, na kama tarehe ya pepa waliichagua kwa kuangalia vipimo au kwa kuangalia kalenda. Msingi wa miaka ya mwanzo chuoni nao una uzito wake, na kuna jambo la nne ambalo kwa mtu aliyesomea Dar es Salaam, Moshi, Nairobi au Eldoret ni kubwa kuliko anavyodhani: mtihani unamzungumzia mgonjwa wa Marekani.

Mtihani wenyewe

Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, hupima sayansi za msingi: patholojia, fiziolojia, famakolojia, maikrobiolojia, bayokemia na kadhalika, lakini karibu kila swali limevikwa kisa cha mgonjwa. Una maswali yasiyozidi 280 ndani ya siku moja ya saa nane. Step 2 CK, hatua inayofuata, hupima tiba: utambuzi wa ugonjwa, hatua inayofuata, kinga. Hayo ni maswali yasiyozidi 318 katika siku ya saa tisa. Kwa miaka mingi maswali yamepangwa katika bloku za saa moja zenye maswali hadi 40, na kuanzia 2026 bloku zinafupishwa kuwa za nusu saa. Soma tovuti ya USMLE kwa muundo wa tarehe yako. Kwa vyovyote vile hesabu ya muda ni ileile, yaani takriban sekunde 90 kwa swali.

Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 haitoi alama. Unapewa jibu moja tu, umefaulu au hujafaulu. Wengi walidhani mtihani umekuwa mwepesi, wakapunguza maandalizi, na viwango vya kufaulu vikashuka. Kwa wanaofanya mara ya kwanza, takriban tisa kati ya kumi wa vyuo vya udaktari vya Marekani hupita, wakati kwa waliosomea nje ya Marekani na Kanada ni takriban robo tatu. Step 2 CK bado inatoa alama, na tangu Julai 2025 mstari wa kufaulu ni 218. Kwa kuwa Step 1 imeacha kutoa namba, wakurugenzi wa programu za ubingwa huko wanaitegemea zaidi namba ya Step 2 CK. Kwa hiyo mwanafunzi wa nje hana sababu ya kuridhika na kupita kwa tabu.

Lini ufanye

ECFMG, shirika linalowathibitisha waliosomea udaktari nje ya Marekani, inataka uwe umemaliza sehemu ya sayansi za msingi katika mtaala wa chuo chako kabla ya kipindi chako cha kufanyia mtihani kuanza. Hilo ni sharti la chini, wala halimaanishi uko tayari. Kwa mtaala wa MD wa Tanzania wa miaka mitano au MBChB wa Kenya wa miaka sita, wakati mzuri wa Step 1 ni mara tu baada ya kumaliza patholojia na famakolojia, ukiwa umeonja wodi kidogo. Anayesubiri hadi utarajali hukuta bayokemia na embriolojia zimeshamtoka kichwani. Mtu huyo hujenga upya badala ya kurudia, na anahitaji miezi minne hadi sita ya nusu siku pale ambapo mwenzake wa mwaka wa tatu angetumia wiki nane za siku nzima.

Step 2 CK ni kinyume chake. Ifanye mwishoni mwa mzunguko wa wodi kuu: tiba ya ndani, watoto, upasuaji, uzazi, na usiiruke afya ya akili. Chuo kinachotoa wiki chache tu za afya ya akili kinakuachia pengo ambalo lazima ulizibe mwenyewe.

Kumbuka pia kuwa mitihani inayohitajika kwa cheti cha ECFMG lazima uifaulu yote ndani ya miaka saba, na kila Step unaruhusiwa kuijaribu mara nne tu maishani. Kwa sababu hiyo mtu hajaribu "kuona pepa lilivyo". Kila jaribio lililoanguka hubaki kwenye rekodi yako, na kila mwajiri ataliona.

Alama za chuoni ndizo dalili ya mapema. Mtu aliyepita fiziolojia na patholojia bila supu (mtihani wa marudio) huwa na kazi nyepesi. Aliyepita kwa kukariri madesa ya miaka iliyopita anaweza kuwa na A kwenye karatasi na bado akashindwa kueleza kwa nini mgonjwa wa moyo ulioshindwa anavimba miguu. Jipime hivi: chukua magonjwa kumi ya kawaida, na kwa kila moja andika kwa mkono, bila kufungua kitabu, njia kutoka chanzo hadi dalili. Ukikwama kwenye zaidi ya nusu, anza na msingi kwa wiki nne kabla ya kulipia benki ya maswali, yaani mkusanyiko wa maswali ya mazoezi wa mtandaoni.

Maswali ya mazoezi

Hapa ndipo mtihani unapopatikana au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kusoma tena na tena hutupa hisia ya kujua. Ukurasa uliopakwa rangi ya njano unaonekana wa kawaida, na macho yanasema "hili nalijua". Roediger na Karpicke walilipima jambo hilo mwaka 2006: waliosoma kifungu mara mbili walikumbuka zaidi wakiulizwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliosoma mara moja na kujipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma mara mbili 42. Mtihani wako uko mbali zaidi ya wiki moja. Kwa hiyo swali la mazoezi ni chombo cha kusomea tangu siku ya kwanza. Kosa la kawaida ni kuliweka kando "mpaka nimalize kusoma". Humalizi kamwe, na ukija kufungua maswali umebakiza wiki tatu.

Benki kubwa ya maswali kama UWorld ina maelfu ya maswali kwa kila Step. Ichukulie kuwa 3,600 kwa Step 1. Ukifanya 80 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 480 kwa wiki, na benki inaisha katika wiki saba na nusu. Usajili huanza kuhesabiwa siku unapouwasha, na bei yake ni ya dola. Usiuwashe siku uliyolipa kwa furaha tu. Uwashe siku ambayo ratiba yako inaanza kweli. Kuchangia akaunti moja watu watatu ni kinyume cha masharti na akaunti hufungwa. Isitoshe, takwimu za makosa yako huchanganyika na za wenzako zikakosa maana.

Bloku moja ya maswali 40 inachukua saa moja kuifanya na saa mbili hadi tatu kuipitia. Mtu anayeipitia kwa dakika 40 amefanya nusu ya kazi tu. Kupitia maana yake ni hivi: soma kwanza kwa nini jibu sahihi ni sahihi, kisha kila jibu lisilo sahihi, ujiulize kisa kingebadilishwa vipi ili hilo ndilo liwe jibu. Swali ulilopata kwa kubahatisha lihesabu kuwa umekosa.

Halafu daftari la makosa. Usinakili maelezo ya benki. Utajaza kurasa mia tatu ambazo hutazifungua tena. Kila kosa lipate mistari mitatu: ulichochagua na sababu, aina ya kosa, na kanuni moja ya kuondoka nayo. Mfano wa ingizo zuri:

"Potasiamu 6.8, ECG imebadilika. Nilichagua insulini na glukosi; jibu ni calcium gluconate. Kosa: dawa zote nazijua, sikujua ipi inatangulia. Kanuni: ECG ikiharibika linda moyo kwanza, kisha sukuma potasiamu iingie kwenye seli, kisha itoe mwilini."

Aina za makosa ziwe chache: sikujua kabisa, nilijua lakini sikuunganisha, nilisoma vibaya, nilibadilisha jibu, muda uliniishia. Kila Jumamosi zihesabu. Kama makosa mengi ni ya "sikujua", rudi kwenye kusoma mada. Kama ni ya "nilisoma vibaya" na "muda", vitabu zaidi havitakusaidia. Unahitaji bloku za kupimwa kwa saa. Wanafunzi wengi wanaokwama alama ileile mwezi mzima huwa wanatibu ugonjwa wa pili kwa dawa ya wa kwanza.

Wiki mbili za mwanzo fanya maswali bila saa, kwa mfumo mmoja mmoja wa mwili. Kuanzia wiki ya tatu weka saa. Kuanzia katikati ya ratiba changanya mada zote, kwa sababu bloku ya moyo pekee inakupa jibu nusu kabla hujasoma swali. Alama zitashuka ukianza kuchanganya. Ziache zishuke.

Kadi za Anki, programu ya kadi za kujikumbusha, zinasaidia kwa vitu vya kukumbuka tu: vimelea, vimeng'enya, madhara ya dawa. Tahadhari ni hesabu yake. Kadi mpya 30 kwa siku, baada ya wiki chache, huleta marudio kama 200 hadi 300 kila siku. Ukikosa siku tatu za zamu za usiku unarudi na kukuta rundo la mamia, na hapo wengi huacha kabisa. Kwa mtu mwenye wodi, kadi mpya 10 hadi 15 zinatosha. Tengeneza zako kutokana na daftari la makosa, na zisizidi mbili kwa kosa moja.

Neno kuhusu madesa. Chuoni kupitisha pepa za miaka ya nyuma ni jambo la kawaida na hakuna anayeshangaa. Kwenye USMLE, kukusanya, kuuza au kununua maswali yaliyokumbukwa na waliotoka chumbani ni kosa linaloweza kufuta matokeo yako. Januari 2024 waendeshaji wa mtihani walitangaza kufuta alama za watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya takwimu za majibu kuonyesha walikuwa wameyaona maswali mapema. Makundi ya Telegram yanayouza "recalls" yakae mbali na simu yako.

Mgonjwa ni wa Marekani

Daktari hupima uwezekano kabla ya kupima damu. Mtu mwenye homa Temeke au Kisumu, wazo la kwanza ni malaria, na ni wazo zuri. Kwenye mtihani wazo hilohilo linakugharimu. Angalia kisa hiki:

Mwanaume wa miaka 52, aliondolewa wengu baada ya ajali ya gari. Julai alikaa wiki mbili akipanda milima Connecticut. Sasa ana homa, kutetemeka, macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai. Hemoglobini imeshuka. Kwenye damu iliyopakwa kioo kuna vimelea vyenye umbo la pete ndani ya chembe nyekundu. Hajawahi kutoka nje ya Marekani.

Pete ndani ya chembe nyekundu, mkono unakimbilia Plasmodium falciparum. Jibu ni Babesia, anayeletwa na kupe wa Ixodes, na dawa ni atovaquone pamoja na azithromycin. Kisa kilikupa jibu mara tatu: Connecticut, wengu, na kutosafiri. Anayejua malaria vizuri mno ndiye anayeteleza hapa, kwa sababu hafiki mwisho wa kisa.

Tengeneza jedwali la ukurasa mmoja la jiografia ya Marekani na maradhi yake: kaskazini mashariki ni kupe na Lyme; mabonde ya mito ya Ohio na Mississippi ni Histoplasma; jangwa la Arizona na California ni Coccidioides; majimbo ya kusini mashariki na katikati ni homa ya Rocky Mountain, licha ya jina lake. Jedwali hilo lipitie mara moja kila wiki.

Kinga na uchunguzi wa mapema ni eneo jingine ambalo wodi zetu hazikufundishi, maana mgonjwa kwetu huja akiwa anaumwa. Kariri umri: saratani ya utumbo mpana, uchunguzi unaanza miaka 45, mamogramu kila miaka miwili kuanzia 40 hadi 74, shingo ya kizazi 21 hadi 65, CT ya mapafu ya dozi ndogo kila mwaka kwa wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi kinacholingana na angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, kama bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15, ultrasaundi moja ya mshipa mkuu wa tumbo kwa mwanaume wa 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara. Maswali ya namna hii ni ya kujua au kutojua, na muda wake ni sekunde 20. Zinazobaki unazipeleka kwenye swali gumu.

Kifua kikuu tunakijua, ila vipimo vyao vina namba zake. Uvimbe wa ngozi baada ya tuberkulini husomwa chanya kuanzia milimita 5 kwa mwenye VVU au aliyeishi na mgonjwa, 10 kwa mhamiaji wa karibuni kutoka nchi yenye TB nyingi au mhudumu wa afya, 15 kwa asiye na hatari yoyote. Aliyechanjwa BCG hupendelewa kipimo cha damu cha IGRA.

Majina ya dawa yatakuchelewesha usipoyazoea. Paracetamol wao huiita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide. Vipimo vya maabara navyo vimezoeleka kwa miligramu kwa desilita: glukosi 126 ni sawa na 7.0 ya mmol/L (gawanya kwa 18), kreatinini 1.0 ni kama 88 ya µmol/L, kalsiamu 10 ni 2.5. Usipange kubadilisha hesabu ukiwa chumbani. Zoea namba mpya kama zilivyo, hadi ukiona kreatinini 2.4 ushtuke bila kufikiri.

Maadili ndiyo yanayowashangaza watu wengi. Kwetu mtoto mkubwa wa mgonjwa akimvuta daktari pembeni na kusema "mama asiambiwe ni saratani", madaktari wengi humsikiliza, na familia nzima huona wametenda utu. Kwenye USMLE jibu ni kumuuliza mtoto hofu yake, kisha kumuuliza mama mwenyewe angependa kujua kiasi gani. Akitaka kujua, anaambiwa. Akisema mwambieni mwanangu, hiyo nayo ni haki yake. Mgonjwa asiyejua Kiingereza anatafutiwa mkalimani aliyefunzwa, hata kwa simu. Mtoto wake wa miaka 12 aliyepo chumbani si jibu. Mtu mzima wa Mashahidi wa Yehova mwenye akili timamu akikataa damu anaheshimiwa, lakini mtoto mwenye hali ya hatari anawekewa hata wazazi wakikataa. Kijana wa miaka 16 anayetaka matibabu ya ugonjwa wa zinaa hahitaji ruhusa ya mzazi. Ukijibu kwa desturi ya nyumbani utakosa maswali ambayo kisayansi ni mepesi kabisa.

Takwimu: alama za bei rahisi

Wanafunzi wengi wetu huogopa takwimu na kuziacha mwisho, ingawa ni mada fupi yenye maswali yanayojirudia. Yote yanaanzia kwenye jedwali la visanduku vinne. Zoezi moja la kufanya kwa mkono: watu 1,000, wagonjwa ni asilimia 2, kipimo kina sensitiviti ya asilimia 90 (kinawakamata wagonjwa 90 kati ya 100) na spesifisiti ya 95 (kinawaachia wazima 95 kati ya 100). Wagonjwa ni 20, kipimo kinawakamata 18. Wazima ni 980, kinawasingizia 49. Jumla ya waliopimwa chanya ni 67, na wagonjwa kweli ni 18, yaani asilimia 27 tu. Sasa peleka kipimo hichohicho mahali ambapo wagonjwa ni asilimia 20: kinakamata 180, kinasingizia 40, na chanya 82 kati ya 100 ni ya kweli. Kipimo hakijabadilika hata kidogo; walioletwa kupimwa ndio wamebadilika. Ukilielewa hilo, maswali ya thamani ya kipimo chanya na hasi hayatakusumbua tena. Ongeza idadi ya wagonjwa wa kutibiwa ili mmoja apone, uwiano wa hatari, na aina za upendeleo katika tafiti. Siku nne zinatosha.

Kasi na Kiingereza

Tumesoma udaktari kwa Kiingereza, kwa hiyo tunadhani lugha si tatizo. Tatizo lipo kwenye kasi. Kisa cha mistari 15 chenye jedwali la maabara kinahitaji kusomwa mara moja tu, na msomaji anayerudi nyuma mara mbili amekula dakika nzima. Anza na sentensi ya mwisho ujue unaulizwa nini. Kisha umri, jinsia, mahali, muda wa dalili. Kisha mapigo, presha, joto. Maabara soma yaliyotoka nje ya kiwango tu. Kabla hujatazama majibu, jisemee ugonjwa unaouwaza.

Zoezi la kasi: maswali 10, dakika 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili. Ukifika sekunde 90 hujapata jibu, chagua lolote, weka alama ya kurudi, songa mbele. Hakuna kukatwa alama kwa kukosea, kwa hiyo swali tupu ni zawadi uliyoitupa. Kuhusu kubadilisha jibu: badilisha ukigundua neno ulilolipita au kanuni uliyoisahau. Wasiwasi peke yake si sababu.

Kundi la diskasheni lina faida likiwa la watu watatu au wanne, mara mbili kwa wiki, kila mmoja akileta maswali matano aliyokosa. Likizidi hapo linageuka kijiwe.

Kujipima kabla ya kufunga tarehe

Mitihani ya majaribio ya NBME, bodi ambayo ni mmoja wa waandaaji wa USMLE, ndiyo kipimo kinachokaribiana zaidi na ule wa kweli. Wa Step 1 una maswali 200 na hukupa asilimia pamoja na uwezekano wa kufaulu. Asilimia 62 ni mpakani. Kati ya 62 na 68 ni eneo la kupita kwa tabu. Fanya wa kwanza wiki sita kabla, wa pili wiki tatu kabla, wa tatu siku kumi kabla. Yafanye asubuhi, kwa mkao mmoja, simu ikiwa chumba kingine. Ukiyafanya kitandani kwa vipande vipande, namba utakayopata haitakuambia ukweli.

Kanuni tunayoipendekeza: usiende kabla ya kupata mara mbili mfululizo asilimia 70 au zaidi. Ukiwa na 64 na tiketi ya ndege umeshakata, hasara ya tiketi ni ndogo kuliko ya jaribio lililoanguka. Wengi huanguka hapa wakiwa wamejionea namba kwa macho yao. Michango ya ndugu imeshatolewa, tarehe imeshatangazwa kwenye kundi la familia, na mtu anaona aibu kuahirisha. Njia ya kujikinga ni kutomtangazia mtu tarehe, na kuchagua kipindi cha miezi mitatu ambacho kinakuachia nafasi ya kusogeza mbele. Ada ya kubadilisha tarehe hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo amua mara tu matokeo ya jaribio la wiki tatu kabla yanapotoka.

Maswali 120 ya mfano yaliyo kwenye tovuti ya USMLE ni ya bure. Yaweke kwa wiki ya mwisho.

Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Lala na kuamka kwa saa za mtihani kwa siku saba. Mtarajali asiweke tarehe ndani ya wiki moja baada ya zamu za usiku. Usingizi uliovurugika haurudi kwa kulala siku moja. Kwa anayefunga, Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo angalia mapema kama kipindi chako kinaangukia humo. Saa nane bila maji si mzigo wa kuongeza juu ya maswali 280.

Jina kwenye pasipoti na jina ulilojisajili yafanane. Watu wetu wenye majina matatu, ambao chuoni wanatumia mawili na kwenye pasipoti wana matatu kwa mpangilio mwingine, ndio wanaorudishwa mlangoni. Likague siku unayojisajili, kwa sababu kurekebisha huchukua muda. Fika kituo cha Prometric, kampuni inayosimamia vyumba vya mtihani, nusu saa kabla. Vitu vyote vinabaki kwenye kabati, na kila ukitoka na kuingia unakaguliwa, jambo linalokula dakika za mapumziko.

Mafunzo ya kutumia kompyuta ya mtihani yapitie nyumbani kwenye tovuti, ili siku hiyo uyaruke. Muda wake unaongezwa kwenye mapumziko. Bloku ukiimaliza mapema, dakika zilizobaki nazo huongezwa. Ukizidisha mapumziko, zilizozidi hukatwa kwenye muda wa maswali. Pumzika mapema badala ya kusubiri uchoke: dakika tano baada ya saa ya kwanza, kumi baada ya ya pili au ya tatu, na chakula kabla ya nusu ya mwisho. Ndizi, karanga, mkate wenye yai. Pilau ya mchana inaleta usingizi. Kahawa kunywa kiasi ulichozoea.

Bloku ya kwanza karibu kila mtu hutoka akiwa amejiona ameanguka. Maswali mengine ni ya majaribio, hayahesabiwi, na huwezi kuyatambua. Ukienda chooni wakati wa mapumziko, usianze kuhesabu uliyokosa.

Ukianguka

Ripoti ya aliyeshindwa inaonyesha ulikuwa mbali kiasi gani na mstari, na maeneo gani ulikuwa chini. Ilinganishe na daftari lako la makosa. Kama maeneo yote yako chini kwa kiasi kilekile, tatizo ni msingi au kasi, na unahitaji miezi mitatu hadi minne. Kama ni mawili au matatu, wiki nane zinaweza kutosha. Usirudie benki ileile kwa mtindo uleule, kwani majibu utayatambua kwa sura. Chukua benki nyingine kwa maswali mapya, na ile ya kwanza itumie kwa uliyokosa tu. Huruhusiwi kufanya Step moja zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12. Jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, lazima liwe angalau miezi 12 tangu la kwanza na miezi sita tangu la karibuni. Kabla ya kujisajili tena, pata 70 mbili za NBME kwa fomu ambazo hujawahi kuziona.